Moshi wa Bi Twaiba

Kutoka Waa mpaka Shimoni hakukuwa na harusi ya kujiheshimu iliyopita bila Bi Twaiba kuwatukana watu jikoni. Nataja matusi kwanza kwa sababu wali ulikuja baadaye. Mwenye shughuli alipokwenda kwake Msambweni kumpa kazi, alifuata mambo mawili, pilau na ulimi, na wengine waliufuata ulimi zaidi. Wanawake waliokuja kusaidia kukata vitunguu walijisogeza karibu naye makusudi ili wapate cha kwenda kusimulia.

"Mwanangu, vitunguu hivi umevikata kwa kisu au umevitafuna?"

Aliyeambiwa hivyo alicheka mpaka akashika mbavu, na kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari. Msichana mmoja aliambiwa kwamba siku atakayoolewa mumewe atafunga mwaka mzima bila kunuia. Sasa ni mama wa watoto, na bado anajisifu kwa tusi lile kama mtu aliyepewa zawadi na gavana.

Watu walikuwa na imani yao, na imani hiyo hakuna aliyeipima: mpishi anayenuna ndiye anayeijua kazi. Anayecheka atakuwa na mawazo mengine na wali utaungua. Bi Twaiba alinuna vizuri sana. Macho yake yalikuwa mekundu tangu ujana, na uwekundu huo nao ukaingizwa kwenye sifa zake.

Hakuna aliyejiuliza macho yale yaliupatia wapi uwekundu huo. Jiko la harusi lilikuwa ua wa makuti nyuma ya nyumba, umezibwa pande zote ili wapita njia wasione nyama ni kiasi gani. Ndani mlikuwa na mafiga, masufuria makubwa, na kuni za mkanju, ule mti wa korosho, ambazo mara nyingi zilikuwa mbichi, maana mwenye harusi hukumbuka kadi, hukumbuka maturubai, hukumbuka mpiga picha, kisha kuni akazikumbuka asubuhi ile ile. Zikigoma kushika zilibembelezwa kwa makumbi, kwa kipande cha ndara iliyokatika, na kwa ile mifuko ya plastiki tunayoambiwa haipo tena nchini. Wageni walikaa upande wa upepo mzuri. Bi Twaiba alikaa palipobaki, na alikuwa amekaa hapo tangu alipokuwa msichana akimsaidia mama yake.

Kilichochekesha harusini hakikuchekesha nyumbani. Mumewe, Kheri, alikuwa fundi cherehani mwenye cherehani yake barazani, na mkewe akirudi kazini alijiinamia na kuanza kupiga pindo la nguo iliyokwisha. Bi Twaiba aliingia ndani na kichwa kinachogonga, akajilaza, usingizi ukamkimbia. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akitafuta sababu ya kusimama, na sababu hakuiona. Akasahau majina ya majirani. Akaweka funguo kwenye unga kisha akawashuku watu wote wa nyumba kwamba wamemfichia. Mtu akicheka barazani alijua anachekwa yeye.

Tiba hazikukosekana. Kheri alisema ni sukari. Majirani walisema ni kijicho cha watu. Zainabu, shangazi yake Bi Twaiba, ambaye kwa kila ugonjwa ana pepo wake tayari, alimchukua kwa mganga mmoja huko ndani, nyuma ya Shimoni. Mganga akatazama, akakohoa kidogo kwa ajili ya heshima, akasema pepo anataka mafusho.

Basi mwanamke aliyetoka kwenye moshi wa harusi ya Ijumaa akafunikwa mablanketi mazito Jumatatu, akawekewa chetezo miguuni chenye makaa, ubani, mizizi na majani ya kila aina, na blanketi likabanwa pembeni asije akapata hewa kwa bahati mbaya. Alipoanza kuzimia alilitupa blanketi, akamtukana mganga, akamtukana mama wa mganga, akakitukana na chetezo. Mganga akafurahi mno. Akawatangazia waliokuwepo kwamba pepo amezungumza.

Kichwa kilizidi kugonga.

Siku mambo yalipofika mwisho ilikuwa siku ya harusi moja huko Bodo. Pilau ilikuwa imeshapaliwa makaa juu ya mifuniko, kazi imekwisha, kumebaki kungoja. Bi Twaiba akakaa juu ya kreti la soda na kuanza kulia. Hakulia kwa kelele. Machozi yalimtoka tu, na hayakutaka kukoma. Wanawake wakasema ni vitunguu, ingawa vitunguu vilikuwa vimeshakaangwa kitambo. Mmoja akangoja kwa hamu asikie tusi litakalofuata.

Aliyemwendea ni Yusra, mkaza mwanawe, mke wa mwanawe Swabir. Yusra alikuwa na sauti nzuri, na alikuwa na tabia ya kuimba akiosha vyombo bila kujua kwamba anaimba. Alichuchumaa mbele ya mkwewe.

"Mama, una nini?"

"Sina haja na kesho, Yusra," Bi Twaiba alisema. "Naona mambo yatakwenda vizuri tu nisipokuwepo."

Yusra hakucheka, na katika ua ule ni yeye peke yake asiyecheka. Alimshika mkono, akamtoa jikoni mbele ya watu, na kesho yake akamfikisha kwa daktari Ukunda. Walipoitwa, Bi Twaiba aliingia peke yake. Alimwambia Yusra angoje nje mlangoni, kwa sababu hakutaka mtoto wa watu amsikie akisema aliyonayo moyoni.

Daktari aliitwa Beryl, mwanamke wa bara, kijana, mwenye haraka ya kuandika na subira ya kusikiliza, vitu viwili ambavyo ni nadra kuvikuta kwa mtu mmoja.

"Shikamoo mama. Unapika na kuni?"

"Marahaba. Na wewe wapika na nini?"

"Gesi."

"Ndiyo maana umekonda hivyo."

Daktari akacheka, lakini hakuacha kuuliza. Akauliza usingizi, akauliza chakula, akauliza kama amewahi kuwaza kujidhuru. Bi Twaiba akatazama ukuta, kisha akamweleza yote. Hata yeye alishangaa alivyokuwa na mengi.

"Mama, watu wanadhani moshi inaishia kwa kifua," daktari alisema. "Haiishii hapo. Ile vumbi yake ndogo, hata huwezi kuiona, inaingia kwa damu, inafika mpaka kwa ubongo. Siwezi kukudanganya ati ni moshi peke yake. Huzuni iko na sababu mingi. Lakini wenye wanaishi kwa hewa chafu wanashikwa na hii huzuni na hii wasiwasi kuliko wengine, na wewe umeishi ndani yake tangu ukiwa msichana. Nitakupatia dawa, na nataka urudi tuongee. Lakini ukirudi kwa hiyo moshi, tutakuwa tunajisumbua bure."

"Wataka kuniambia nina wazimu."

"Sijasema hivyo, mama. Nimesema uko mgonjwa, na kitu moja inakuongezea ugonjwa inajulikana."

Bi Twaiba akatoka. Yusra akasimama haraka pale mlangoni.

"Amesema nini, Mama?"

"Presha," Bi Twaiba alisema. "Amenikataza kuni."

Presha ni ugonjwa wa heshima. Unaweza kuutaja msibani, unaweza kuutaja harusini, na watu wakakuitikia pole kwa adabu. Huzuni haina pole yake. Ukiitaja wataanza kukuhesabia vikombe, kama mwenda wazimu asije akavivunja. Basi ikawa presha, na Swabir, ambaye ni mpishi katika hoteli moja Diani, akamletea mama yake majiko makubwa ya gesi na mitungi yake, na kuni zikabaki kwa waliozitaka.

Kupona hakukuja na ngoma. Asubuhi moja Bi Twaiba alikunywa chai mpaka chini ya kikombe, akagundua kwamba alikuwa ameionja iliki. Siku nyingine aliamka akakuta kumekucha, na hakukumbuka kukesha. Dawa alizimeza, kwa daktari akarudi, na jina la mjukuu wa jirani likamjia mdomoni lenyewe. Kheri alimaliza nguo ya mteja akainua kichwa, akamkuta mkewe ameketi karibu yake anatazama barabara, na safari hii hakuinamia pindo.

Harusini ndiko balaa lilikoanzia. Bi Twaiba alimwangalia mwanamke mmoja aliyekuwa akikata vitunguu, akamwambia, "Ahsante, mwanangu, umekata vizuri."

Mwanamke yule akaweka kisu chini, akawauliza wenzake amekosa nini.

Maneno yakasambaa. Bi Twaiba amepoa. Bi Twaiba anasema tafadhali. Jiko lake halitoi moshi, na yeye hatoi hata neno moja la kupeleka nyumbani. Hapo ndipo alipojitokeza Bwana Jaafar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Diani, mtu asiyekosa karamu hata asipoalikwa. Bwana Jaafar hajawahi kupuliza moto maishani mwake. Nyumbani kwao alipuliza mama yake, kisha dada zake, na sasa anapuliza mkewe. Lakini juu ya moshi alikuwa bingwa. Alidai kwamba akionja punje moja tu ya wali anajua ni kuni za mkanju au za mwarobaini.

"Pilau ya gesi haina roho," alisema, akiwa ameshamaliza sahani ya pili. "Moshi ndio utamu wenyewe. Hii ni chakula cha hotelini."

Watu waliokuwa wamekula wakashiba wakakumbuka baada ya hapo kwamba kuna kitu kilikosekana. Kazi zikapungua. Zikaenda kwa mwanamke mmoja wa Waa ambaye wali wake uliungua chini na kuwa mbichi juu, ila alikuwa anapiga kelele, na alikuwa anafuka moshi kama tanuru la chokaa, na watu wakasema huyo sasa ndiye mpishi.

Bi Twaiba aliumia. Sitaki kumcheka hapa. Mwiko ule aliupokea kwa mama yake, na pwani nzima ilimjua kwa mwiko huo. Alikuwa amerudishiwa kichwa chake kizima kwa mara ya kwanza tangu ujana, na sasa kichwa hicho kizima kilikaa kibarazani Ijumaa nzima kikisikiliza harusi za wengine. Alitaka vyote viwili, akili yake na jina lake. Nani asingevitaka?

Akabuni. Alikwenda kwenye kazi iliyofuata na turubai la buluu, akaligawa jiko mara mbili. Nyuma ya turubai aliweka gesi, na pilau yote ikapikwa huko, wasaidizi wakikatazwa kuingia. Mbele, machoni pa watu, akaweka mafiga, akawasha kuni za mkanju, mbichi kwa kuchagua, na juu yake akateleka sufuria kubwa kuliko zote. Ndani ya sufuria mlikuwa na maji. Hayakuwa na kazi yoyote. Yalichemka, yakakauka, yakaongezwa mengine, na moshi ukatanda mpaka kwa wageni, ukawashika kwenye kanzu na mabuibui, nao wakavuta pumzi wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Matusi nayo alirudi nayo. Sasa aliyatunga nyumbani kwa utulivu, akayajaribu kwa Kheri, na Kheri, ambaye kwa miaka aliyasikia kwa hofu, akacheka mpaka uzi ukamkatikia sindanoni. Kisha siku ya kazi aliyatupa kutoka nyuma ya turubai, moja moja, kwa wakati wake. Bwana Jaafar alikula, akafumba macho.

"Naam," alisema. "Mkanju."

Kazi zikarudi kwa wingi. Palikuwa na jambo dogo tu la kupangwa: ule moto wa mbele ulitaka mtu wa kuuchochea asubuhi mpaka mchana. Bi Twaiba hakuweza kukaa pale. Daktari alimkataza.

"Yusra, mwanangu," alisema, "wewe kaa hapa. Ni maji tu."

Yusra akakaa. Kwa nini akatae? Mkwewe alikuwa na presha, na yeye ndiye aliyemtoa Bodo kwa mkono wake. Alikaa Ijumaa ile, na Ijumaa zilizofuata, na msimu wa harusi wote, na msimu uliofuata. Alichochea, akaongeza maji, akapangusa macho kwa kanga. Mwanzoni aliimba. Kisha akawa anakohoa katikati ya wimbo. Kisha hapakuwa na wimbo wa kukatizwa.

Bi Twaiba aliona. Aliona, na kwa kila alichoona alikuwa na jibu, tena majibu yale yale ambayo watu walimpa yeye zamani. Yusra hali vizuri, labda ni mimba. Yusra kanuna, labda Swabir kamuudhi. Yusra kasahau chumvi dukani, vijana wa siku hizi na simu zao. Asubuhi moja alipita mbele ya chumba chao, mlango u wazi, akamkuta Yusra amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anatazama sakafu. Bi Twaiba aliujua ukaaji ule. Alirudisha mlango polepole, akajiambia ni uchovu, akaenda kuhesabu bizari.

Harusi ya binti yake Bwana Jaafar ilikuwa kubwa kuliko zote za mwaka huo. Bwana Jaafar mwenyewe alichagua kuni, akazinusa. Turubai la buluu likafungwa. Moto wa mbele ukawaka, na Yusra akakaa mbele yake bila kumsalimu mtu. Wageni wa kwanza walikuwa wameshapakuliwa, na Bwana Jaafar alikuwa amesimama mlangoni pa ua na sahani mkononi, kanzu yake nyeupe pepe, akiwaeleza wageni wa Mombasa habari za mkanju, pale alipoingia bibi mmoja aitwaye Jumwa, jirani, mwanamke mzima wa kutembelea mkongojo.

"Mwanangu, hujambo? Nigaie maji ya moto kidogo, nichue miguu."

Yusra hakugeuka.

"Maji haya ni ya kukuoshea," alisema. "Ngoja ufe kwanza."

Jiko zima likalipuka kwa kicheko. Wanawake walishikana mabega, mmoja akakaa chini kabisa. Hata Bi Jumwa alicheka, kwa sababu alikuwa amezungukwa na watu wanaocheka na hakujua afanye nini kingine na uso wake.

"Mashallah," Bwana Jaafar alisema. "Sasa twajua mwiko utakwenda kwa nani."

Nyuma ya turubai Bi Twaiba alisimama na mwiko mkononi. Matusi alikuwa anayajua kuliko mtu yeyote pale. Aliyajua yale yanayotungwa barazani, na aliyajua yale yanayotoka yenyewe kwa mtu ambaye ndani yake hamna nafasi tena. Lile halikutungwa. Alichungulia, akauona uso wa Yusra katikati ya vicheko vile, umejaa masizi, macho mekundu, hautazami mtu. Akamwogopea.

Alitoka. Akashika vitambaa, akalinyanyua sufuria la maji kwa mikono yake mwenyewe, akalimimina lote juu ya moto. Moto ukalia, majivu na mvuke vikapanda, vikatua kwenye kanzu ya Bwana Jaafar na kwenye sahani yake. Kisha akalivuta turubai likaanguka. Watu wakaona mitungi imejipanga, na pilau inapumua taratibu juu ya gesi.

Bwana Jaafar alikuwa na tonge mdomoni.

"Kwani pilau hii..."

"Gesi," Bi Twaiba alisema. "Na ile ya mwezi jana gesi. Na ile uliyoifumbia macho, gesi."

Bwana Jaafar alilishikilia lile tonge kwa muda. Kulitema mbele ya wageni wa Mombasa hakuweza. Akalimeza, akasema kwamba kusema kweli tangu mwanzo alikuwa amesikia kasoro.

Bi Twaiba hakungoja kumsikiliza. Alimshika Yusra mkono, wakatoka nje ya ua mpaka kwenye mwembe wa jirani kulikokuwa na hewa.

"Sijui kwa nini nimemwambia vile," Yusra alisema. "Mama, yule bibi hajanikosea. Sijui nina nini siku hizi. Naona heri nilale nisiamke."

"Si wewe," Bi Twaiba alisema. "Nami sikuwa na presha, Yusra. Daktari aliniambia ni moshi. Aliniambia unaingia kwenye damu, unafika kichwani, unamtia mtu huzuni. Ndivyo nilivyokuwa. Ndivyo ulivyo wewe sasa. Twende kwake leo hii."

Yusra akajipangusa uso, masizi yakasambaa zaidi.

"Alikwambia lini?"

Bi Twaiba alilitafuta jibu jingine, na kwa mwanamke mwenye maneno kama yeye yalikuwepo mengi. Hakulitumia hata moja.

"Siku ile uliyoningoja mlangoni."

Yusra alimtazama. Kisha akaifungua kanga yake ya kichwani iliyonuka mkanju, akamwekea mkwewe mikononi, akashika njia ya barabarani kichwa wazi. Bi Twaiba akamfuata. Huko uani mtu alikuwa anaita kwamba wali unaungua, aje haraka. Hakugeuka. Alikuwa anamwita Yusra amngoje, na Yusra hakupunguza mwendo.